IrfanView kwa picha za kamera: ina mwendo, ila irekebishe kwanza

Kadi ya kamera ikirudi na picha 400, kazi ya kwanza ni kupitia na kuchuja: hii ibaki, hii imetikisika, huyu kafumba macho, futa. Kwa kazi hiyo kwenye Windows, IrfanView, programu ya kutazama picha, bado ni ngumu kushindwa, ingawa sura yake haijaachana sana na 1996, mwaka Irfan Škiljan alipoitoa mara ya kwanza. Nyumbani hutumika bure; ofisi na biashara hulipia leseni. Haipo ya Mac wala ya Linux, kwa hiyo wenye mashine hizo waitazame XnView MP, inayopatikana kwenye mifumo yote mitatu.

Programu yenyewe ina megabaiti chache tu. Pakua pia furushi lake la programu-jalizi (vipande vya kuiongezea uwezo), na hakikisha vyote viwili ni vya aina moja: biti 64 kwa biti 64, au 32 kwa 32. Ukichanganya, zile jalizi hazitafanya kazi na faili za RAW (picha ghafi za kamera) hazitafunguka, halafu lawama itaangukia kamera.

Usifungue picha moja kwa moja kutoka kamera iliyochomekwa kwa waya. Kamera nyingi zikichomekwa hivyo hazipewi herufi ya diski kama flashi, na IrfanView hutaka folda ya kawaida. Toa kadi, itie kwenye kisomaji kadi, ingia folda ya DCIM, ambamo kamera huweka picha, na unakili kila kitu kwenda folda mpya yenye tarehe. Folda iwe mpya kweli: kamera huhesabu faili hadi 9999 kisha hurudi 0001, na siku majina yatakapogongana Windows itakuuliza kama ibadilishe faili la zamani. Anayebofya ndiyo bila kusoma hupoteza picha ya zamani. Na usifute chochote ukiwa bado unatazama kutoka kwenye kadi, maana kadi haina pipa la taka la Windows. Kilichofutwa pale kimekwenda.

Picha zikishafika kwenye kompyuta, fungua ya kwanza na uache mausi. Kitufe kirefu cha nafasi huleta inayofuata, Backspace hurudisha iliyopita, Enter hujaza skrini nzima, Delete hufuta. F8 hunakili picha kwenda folda uliyochagua, F7 huihamisha, T hufungua dirisha la vijipicha. Mkono ukizoea, huhitaji menyu tena. Hapa ndipo programu nyingi za kisasa zenye sura nzuri huachwa nyuma.

Sasa marekebisho. Kwenye menyu ya kutazama, chagua kwamba picha kubwa tu ndizo zipunguzwe zitoshee dirisha. Ukichagua zote zitoshee, picha ndogo nazo hutanuliwa na kuonekana na ukungu usio wa kwake. Washa pia lile chaguo la kupunguza picha kwa ubora wa juu. Likizimwa, nyaya za umeme, kingo za paa na nywele huonekana kama ngazi, na mtu hudhani lenzi ni mbovu. Mashine ya zamani itapungua kasi kidogo. Si hasara kubwa.

Lipo tena suala la picha zinazolala ubavu. Kamera ikishikwa wima, kwa kawaida huandika pikseli zilezile za mlalo, kisha huweka alama ndani ya EXIF (maelezo yanayofichwa ndani ya faili la picha) kusema upande upi uwe juu. Programu isiyosoma alama hiyo huionyesha picha imelala. Katika mipangilio ya JPG (aina ya kawaida ya faili la picha lililokandamizwa, iitwayo pia JPEG) kuna chaguo la kuzungusha kwa kufuata EXIF, liwashe. Vitufe vya R na L huzungusha pia, lakini kile unachokiona hakijaandikwa kwenye faili, na ukihifadhi kwa Ctrl+S JPEG hukandamizwa upya juu ya faili asilia. Tumia Shift+J, njia inayogeuza bila kukandamiza upya. Njia hiyo hufanya kazi kwa vipande vya pikseli 8 au 16. Picha ya 6000 kwa 4000 hugawanyika sawasawa kwa 16, lakini upande wa 3000 ukigawanywa kwa 16 hubakiza 8, na ukanda huo wa pembeni unaweza kukatwa.

Kosa la kawaida zaidi ni kuamini picha iliyojaa skrini. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina megapikseli 2 hivi. Picha ya megapikseli 24 ikitoshea hapo imepunguzwa hadi asilimia 27, na kwa udogo huo hata fokasi iliyokosea huonekana safi. Bonyeza Ctrl+H upate ukubwa halisi, kisha iburute kwa kitufe cha kulia cha mausi ufikie macho ya mtu. Ndiyo, cha kulia. Cha kushoto huchora kisanduku cha kukatia, jambo linaloudhi kila mgeni.

Kulinganisha picha nne zilizopigwa mfululizo ndipo IrfanView inaposhindwa. Huziweki ubavu kwa ubavu kwa urahisi, utabaki ukienda mbele na nyuma. FastStone Image Viewer, nayo bure kwa nyumbani, huweka hadi nne pamoja na kuzikuza kwa mpigo. Anayepiga michezo au watoto wasiotulia atafurahia hiyo zaidi.

Rangi nazo: kama kamera imewekwa kwenye Adobe RGB (mfumo wa rangi wenye wigo mpana), picha zitaonekana zimepauka mpaka uwashe usimamizi wa rangi katika mipangilio, ambao nao hutegemea programu-jalizi. Asiyechapisha kitaalamu aiweke kamera kwenye sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi, tu. Kwa RAW, mara nyingi inatosha kutazama ile JPEG ndogo iliyofichwa ndani ya faili: hufunguka haraka, ila hubeba rangi na mwanga wa mipangilio ya kamera, kwa hiyo usiitumie kuamua kama anga iliyoungua (iliyokuwa nyeupe tupu kwa mwanga mwingi) inaweza kuokolewa.