Wameniuzia nusu ya kibonzo cha Gillray

Kama unapenda vibonzo vya kale vya London na unataka kuagiza nakala kwenye duka hili la mtandaoni, soma kwanza yaliyonipata.

Miezi michache iliyopita niliagiza kile cha mchora vibonzo Mwingereza James Gillray cha Desemba 1792, "French Liberty, British Slavery", yaani uhuru wa Mfaransa na utumwa wa Mwingereza. Kina pande mbili. Kushoto kuna Mfaransa wa enzi za Mapinduzi ya Ufaransa, mifupa mitupu, matambara mwilini, anatafuna vitunguu vibichi huku akisifu uhuru uliomwondolea kodi. Kulia kuna Mwingereza, tumbo limemtangulia, anakata pande la nyama ya ng'ombe huku akiilaani serikali kwamba kodi zake zitamuua kwa njaa.

Nimeletewa Mfaransa peke yake. Mwingereza wamemkata!

Nikapiga simu. Kijana aliyepokea akanijibu kwamba upande mmoja "unapendeza zaidi ukutani" na wateja wengine hawalalamiki. Kisha akaniuliza kama kweli naelewa kibonzo chenyewe kinahusu nini. Damu ilinichemka. Naelewa, ndiyo maana nimepiga simu! Mwondoe yule mlafi, na kinachobaki ni kumcheka jirani mwenye njaa, basi. Gillray aliwachapa wote wawili: mwenye njaa anashukuru, aliyeshiba analia njaa. Na alifanya hivyo miezi michache tu baada ya Ufaransa kufuta ufalme, vita kati ya nchi hizo ikinukia. Kuwasuta watu wako wakati kama huo kunahitaji ujasiri. Hawa wamekuja na mkasi wakamgeuza mpiga zumari wa serikali.

Haki yao nawapa: karatasi ni nzito, rangi zimetulia. Nakala ya pili, "The Macaroni" ya Philip Dawe ya 1773, imefika nzima, nayo ni nzuri mno. Ni kijana wa aina waliyoiita "macaroni", aliyelewa mitindo ya Italia na Ufaransa, wigi limepanda kama kichuguu, kikofia kimekaa kileleni! Kila mgeni akiingia sebuleni anasimama hapo. Kwa ajili yake nilikuwa nimeshaamua kutoa nyota tatu.

Lakini nikiikumbuka sauti ya yule kijana wa kwenye simu, hapana. Nyota moja, na hiyo ni ya Dawe, si yao. Nimewaambia waniletee picha nzima au wanirudishie hela yangu. Mpaka leo kimya.