Mchanga upi ununue kwa samaki wa chini ya tangi

Ukifika dukani, kabla hujauliza rangi, omba mchanga kidogo, uloweshe, uusugue katikati ya viganja. Ukikukwaruza, uache. Kambare wadogo wa jamii ya Corydoras hushinda wamezamisha pua mchangani: wanauchota kwa mdomo, wanabakiza chakula, mchanga wenyewe unatokea kwenye matamvua. Kilichokukwaruza wewe kiganjani kitapita humo mara nyingi kwa siku.

Kwangu wa kwanza ni mchanga wa silika unaotiwa kwenye vichujio vya mabwawa ya kuogelea. Chembe zake ni za kama nusu milimita au zaidi kidogo, zinatulia chini wala hazimshindi kambare. Umeshachekechwa, kwa hiyo vumbi ni dogo, na haubadilishi kemia ya maji. Pangio, wale wembamba kama nyoka, hujizika humo wakibaki na vichwa tu nje. Ila mifuko haifanani, mingine ina chembe zenye kingo kali, ndiyo maana nimeanza na viganja.

Wa pili ni mchanga wa mto. Ni rahisi, na ukiwa laini unafanya kazi ileile, lakini uchekeche na uuoshe mpaka uchoke. Udondoshee siki pia: ukitoa povu una chokaa, na utapandisha ugumu wa maji, yaani wingi wa madini yake. Wa ufukweni usiuguse, una chumvi na vipande vya makombe.

Changarawe ya mviringo, milimita 1 hadi 3, naiweka ya tatu kwa shingo upande. Haiwachomi samaki, lakini hawawezi kuichuja, na chakula hudumbukia kwenye nafasi kikaozea huko. Niliwahi kuilaumu kwa sharubu za kambare wangu zilizokuwa zikipukutika. Nilipofyonza chini kwa mpira, maji yalitoka rangi ya chai! Uchafu na bakteria wake ndio waliokuwa wakizila. Kwa hiyo hata ukiwa na mchanga bora, usipousafisha sharubu zitakwisha vilevile. Kama unafuga kambare wa jamii ya Ancistrus peke yake, changarawe inatosha. Huyo maisha yake ni kwenye magogo na vioo.

Udongo wa vidonge wa kuoteshea mimea ni wa nne. Mimea inaupenda, lakini aina nyingi hutoa amonia, sumu kwa samaki, wiki za mwanzo, na vidonge hubomoka vikawa tope samaki wanapochimba. Ukiuhitaji, uweke nyuma, uzuie kwa mawe, mbele mwage mchanga. Usiingize samaki mpaka kipimo cha amonia kisome sifuri.

Matumbawe yaliyosagwa hupandisha pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) na ugumu. Hayo waachie samaki wa maziwa ya Tanganyika na Malawi, waliozoea maji ya aina hiyo, na hata kwao chagua yaliyosagwa laini. Vigae vya kioo na kokoto za rangi zenye kingo sina nafasi ya kuvipa.

Kiasi cha kununua: zidisha urefu na upana wa tangi na kina cha mchanga, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 1,000, upate lita. Tangi la 60 kwa 30 lenye mchanga wa sentimita 4 linataka lita 7.2, yaani kama kilo 11. Usizidishe sentimita 5, kwani mchanga mzito ukishindiliana hukosa oksijeni, ukauchokoa unatoa gesi inayonuka yai viza. Konokono wa Melanoides huchimbachimba na kuulegeza. Wanazaana ovyo, lakini mimi ninao.

Uoshe kwenye ndoo, kidogo kidogo, hadi maji yatoke meupe. Zima pampu kabla ya kuumwaga, na ukijaza maji yaelekeze juu ya sahani ili usichimbe shimo. Ukungu kidogo siku ya kwanza usikutishe, ila pampu usiiwashe mpaka mchanga utulie, chembe zikiingia humo zinasaga rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake.