Jarida la Raspberry Pi la karatasi: kipi hudumu, kipi huchakaa

Mwishoni mwa Novemba 2015, toleo la 40 la The MagPi, jarida rasmi la kompyuta ndogo za Raspberry Pi, lilitoka na kompyuta nzima, Raspberry Pi Zero, imebandikwa kwenye jalada. Zawadi ya namna ile haitoki kila mwezi. Leo jarida hilo linaitwa Raspberry Pi Official Magazine, limekwisha kummeza ndugu yake HackSpace mwaka 2024, na linapatikana pia kwa PDF. Basi anayelipia karatasi anapata nini?

Anapata michoro ya saketi, na hapo jarida halina mpinzani. Mpangilio wa pini 40 za kuunganishia waya kwenye Pi haujabadilika tangu Model B+ ya Julai 2014, kwa hiyo mchoro mzuri wa wakati ule unafaa hata kwa Pi 5. Chukua kihisi cha umbali cha HC-SR04. Hula volti 5, na waya wake wa Echo hurudisha volti 5 hizo hizo, ilhali pini za Pi hazivumilii zaidi ya 3.3. Inatakiwa resista ya kiloomu 1 kati ya Echo na pini, na nyingine ya kiloomu 2 kutoka pini hiyo kwenda pini ya ardhi (GND). Hapo pini hupokea takriban volti 3.3. Kwenye video inayokimbia, resista hizo hupita bila kuonekana, na pini huungua. Ukurasa hukaa wazi mezani, mikono yote miwili ikiwa kwenye waya.

Upande wa msimbo ndio unaochakaa, na huchakaa haraka. Miradi ya zamani iliyoandikwa kwa RPi.GPIO, maktaba ya Python ya kuendesha pini, haifanyi kazi kwenye Pi 5, kwa sababu pini zake sasa zinasimamiwa na chipu ya RP1. Tiba ni kuandika upya kwa maktaba ya gpiozero, au kusakinisha rpi-lgpio, mbadala unaoacha mistari yako ilivyo. Lakini iondoe kwanza RPi.GPIO, hazikai pamoja. Miradi ya kamera iliyotumia maktaba ya picamera inahitaji mrithi wake, Picamera2. Na tangu mfumo endeshi wa Pi uitwao Bookworm, wa 2023, amri ya pip (ya kusakinisha maktaba za Python) iliyochapwa kwenye matoleo ya nyuma hukataliwa na kosa la “externally-managed-environment”. Tengeneza kwanza mazingira ya mradi:

python3 -m venv --system-site-packages mradi
source mradi/bin/activate

Kisha ndipo utumie pip. Ukiacha hilo neno la system-site-packages, maktaba zilizowekwa kwa apt, kisakinishi cha mfumo wenyewe, Picamera2 ikiwemo, hazitaonekana.

Usinakili msimbo mrefu kwa kidole kutoka kwenye karatasi. Safu za jarida ni nyembamba, mstari mrefu hukatwa katikati, na Python husoma nafasi za mwanzo wa mstari kama sehemu ya amri. Pakua faili, uiweke karatasi kando kwa ajili ya maelezo na waya.

Kwa mtu wa vifaa na solda, karatasi inastahili bei yake. Anayeandika programu tu, PDF inamtosha, tena atatafuta neno kwa sekunde. Wahariri nao wachape kando ya kila mradi, kwa herufi zinazoonekana, toleo la mfumo, modeli ya Pi na namba za maktaba zilizojaribiwa. Msomaji atakayeufungua ukurasa huo miaka minane baadaye ajue mara moja pa kurekebisha.