Leza ya golf niliyouziwa Lubumbashi: mikono yangu haina kosa

Nilitaka kuipa nyota moja niende zangu kulala. Sasa hasira imeshuka kidogo, naona chombo chenyewe kinaweza kufika tatu. Lakini magazini, yaani duka lililoniuzia, ni sifuri, na kama kuna namba chini ya sifuri mniambie.

Ni kile kidude cha kupimia umbali kwa leza wakati wa kucheza golf. Unakiweka jichoni, unalenga bendera ya shimo, unabonyeza, kinakuambia zimebaki mita ngapi. Uzito wake, ukubwa wake, kinakuza picha mara ngapi, hayo mtayasoma kwenye katoni. Mimi nina neno moja tu la kusema na yule kijana muuzaji.

Siku ya kununua alinitoa hadi mlangoni, akanipa kidude. "Papa, pima ile motokari." Kulikuwa na jeep imeegeshwa mbali, upande ule mwingine wa avenyu. Nikabonyeza, namba ikatoka hapo hapo. "Pima na ile ingine kule." Ikatoka tena, motokari ya mbali zaidi, karibu na rompwe, pale motokari zinapozunguka njia panda. Watu wawili watatu wakasogea kuangalia. Mimi nikafungua pochi, nikahesabu dola, akazipokea akizigeuza moja moja kutafuta iliyochanika. Alichokuwa anajua na hakunisema ni kwamba kila mara alinielekeza kwenye plake, kile kibao cha namba cha motokari. Plake imetengenezwa irudishe taa usiku. Ukiimulika kwa leza inajibu hata ukiwa mbali sana. Na ule umbali mkubwa ulioandikwa kwenye katoni kwa herufi nene ni wa vitu vya namna hiyo. Wa bendera umeandikwa pembeni, mdogo sana, na wino mwembamba.

Uwanjani ikawa habari nyingine. Nalenga bendera, napata 131. Nabonyeza tena bila kusogeza mguu, 158. Halafu vistari vitupu. Nyuma ya grini ile, yaani majani mafupi yenye shimo, kuna kichuguu, vile vyetu vya Katanga vinavyopita urefu wa nyumba, na juu yake miti imeota. Ile 158 ilikuwa ya kichuguu! Nikaiamini, nikachukua chuma cha 5, fimbo ya kupigia mbali, mpira ukaruka juu ya grini yote ukapotelea majanini. Kadi wangu, kijana anayenibebea mfuko, akaingia kuutafuta huku anapigapiga majani kwa fimbo kwa sababu ya nyoka. Akarudi mikono mitupu. "Patron, mule sitaingia tena." Nami singemlazimisha.

Tena kidude kilikuwa kimeachwa kwenye yadi siku za kwanza, hakuna aliyenionyesha kukigeuza. Yadi 150 ni mita 137. Tofauti hiyo kwenye golf ni kuwa kwenye grini au kuwa kwenye mchanga. Lakini hilo nalisamehe.

Nisilolisamehe ni niliporudi. Magazini ilikuwa imejaa. Nikaeleza polepole, kwa heshima, nikitaja bendera, kichuguu, namba zinazorukaruka. Kijana hakukipokea hata kile kidude. Macho kwenye telefoni, akajibu kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Papa, mashini iko muzima. Ni mikono yako njo inatetemeka."

Wakacheka. Mama mmoja tu ndiye aliyesema, "We mutoto, uheshimie muzee."

Mikono yangu! Mimi nina atelye ya kuchomelea vyuma. Mikono hii inashika elektrodi juu ya bomba, mtu nimelala chali chini ya tangi, mstari unatoka umenyooka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ningetaka kumpa chuma kimoja ashike yeye, tuone nani anatetemeka. Sikusema kitu. Ndipo akatoa kipaketi chini ya kaunta: "Ukitaka ikamate bendera muzuri, ununue na prizima." Mnaona? Alikuwa nazo tangu siku ya kwanza. Tatizo alilijua, dawa alikuwa nayo, akaningoja nirudi ndipo aniuzie mara ya pili, na matusi juu yake. Nikanunua. Kwa hasira, lakini nikanunua.

Aliyenifafanulia jambo lote ni mwenzangu tunayecheza naye, topografu, mpima ardhi wa kwenye mgodi. Alicheka hadi akakaa chini. Kazi yao yote, anasema, ni leza na prizima: mmoja yuko kwenye chombo, mwingine anasimama kule na mti wenye prizima juu. Hawapimi kwa kulenga kitambaa. Mwanga wa leza unakwenda, unagonga kitu, unarudi, na chombo kinahesabu muda. Bendera ikiwa mita 150 mbele yako, kwenda na kurudi ni mita 300, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde. Saa ya ndani haina shida ya kuhesabu hivyo. Shida ni nini kimejibu. Mwali unapanuka kadiri unavyokwenda, na mti wa bendera ni mwembamba, unene wa kidole tu. Mwanga mwingi unapita kando ya mti unakwenda kuangukia kichuguu. Ule kidogo unaogonga kitambaa unatawanyika kila upande, na kitambaa chenyewe kinapepea. Kichuguu kinajibu kwa sauti kubwa kuliko bendera, basi unasomewa kichuguu.

Prizima ni vioo vitatu vilivyokutana kona moja, kila kimoja kimesimama wima kwa kingine. Mwanga ukiingia pale unagongana na vyote vitatu, unarudishwa kule kule ulikotoka hata kama umekuja kwa mshazari. Ndiyo maana wanaanga wa Apollo 11 waliacha kisanduku chenye prizima 100 mwezini mwaka 1969, na hadi leo wataalamu wanakipiga leza kutoka duniani kupima umbali wa mwezi. Mwezi una prizima, bendera yetu haina, halafu mtu ananiambia habari ya mikono.

Sasa zile prizima nilizouziwa. Nilimwomba mtunza grini ruhusa, mtu mpole, akaniruhusu kujaribu kwenye bendera chache. Ukisimama katikati ya njia, mbele yake kabisa, safi: kidude kinatikisika mkononi kuonyesha kimekamata, namba ni ile ile kila ukibonyeza. Ukienda upande wa kulia, chini ya miti, ambako mimi ndiko naishi, hakuna kitu, kichuguu tena. Zile ni za uso mmoja! Prizima nayo ina kikomo cha mshazari, na mti wa bendera unazunguka kila anapoutoa na kuurudisha mtu. Nzuri zinakuwa na nyuso kuzunguka mti wote. Yeye aliniuzia za uso mmoja kwa bei ya mduara mzima.

Hapo nilikuwa nimeamua nyota moja, na maneno mengine ambayo nimeyafuta.

Kilichoniokoa ni kamio, motokari kubwa za mizigo. Mnazijua zile za shaba zinazoshuka Kasumbalesa mpakani, ubavuni zina utepe mwekundu na mweupe unaowaka ukiumulika usiku. Utepe ule unauzwa kwa mita kwa wauza pyesi za motokari. Nikanunua kipande cheupe, nikakizungusha juu ya mti, chini kidogo ya kitambaa, zamu kadhaa. Uangalie kwa karibu: ndani yake kuna vyumba vidogo vidogo kama sega la nyuki, na kila chumba kimejaa vipembe, ni prizima ndogondogo hizo. Usichukue ule wa kitambaa wa kwenye jile, vizibao vya wafanyakazi, wenye punje za kioo, nao unarudisha mwanga lakini kidogo zaidi.

Jamani. Kutoka kulia, kutoka kushoto, kutoka chini ya miti: 131, 131, 132. Kidude kinatikisika kabla sijamaliza kupumua. Siku ile nilicheza kama kijana, kadi wangu akawa anaimba. Kwa furaha ile ningeandika nyota tano hapo hapo kwenye grini. Chombo ni kizuri, nasema kweli. Kinataka tu kitu cha kukijibu.

Tano ni nyingi, hata hivyo. Siku moja bendera yenye utepe ilinipa 170 na kitu, nikaanza kutukana upya, kumbe nyuma ya grini anapita mfanyakazi mwenye jile ya kung'aa. Leza imempenda yeye. Mwezi wa nane na wa tisa nako, watu wanapochoma majani na vumbi limesimama hewani, hata utepe unachelewa kujibu, unabonyeza na kungoja. Betri ni ile fupi nene ya CR2, si ya kupata kwenye kila duka hapa mjini, nunua mbili mapema. Na kile kitufe cha kupima mwinuko ambacho kijana alinisifia nusu saa nzima, sheria za R&A na USGA, mashirika yanayotunga sheria za golf, zilizofungulia vipima umbali tangu 2019, zinataka kisitumike kwenye mashindano. Hilo nalo hakulisema.

Kwa hiyo tatu. Tatu na nusu ukiwa na utepe. Ukikwenda kununua, popote, kataa kupima motokari. Mwambie muuzaji akuonyeshe ukuta mweusi, au jani la mwembe, au mti mwembamba ulio na ukuta nyuma yake, na uone namba inayotoka ni ya nini. Akikasirika, toka. Zile prizima za uso mmoja ziko mezani kwangu kwenye kipaketi chao, na fakitire, risiti ya malipo, ninayo. Ninazirudisha wiki hii. Nitakwenda saa ambayo magazini imejaa.