Simfoni ya Tatu ya Górecki: usiisikilize kwa spika ya simu

Ninayo albamu ile ya 1992: okestra ya London Sinfonietta chini ya David Zinman, mwimbaji Dawn Upshaw. Iliuza zaidi ya nakala milioni moja, na mtunzi wake Mpolandi, Henryk Górecki, alikuwa bado hai. Kwa muziki wa okestra hilo ni nadra sana.

Inaanza na fidla za besi peke yake, chini kabisa, na spika ya simu haitoi kitu; utadhani faili ni bovu. Vaa hedifoni. Ndipo utasikia wimbo uleule ukipokewa na kundi baada ya kundi, ukipanda polepole mpaka nyuzi zote zimejaa, kisha soprano (sauti ya juu ya kike) aingie na maombolezo ya Bikira Maria ya karne ya 15. Sehemu hiyo tu inakaribia nusu saa. Mwenye haraka atafute kingine.

Miaka ya 1960 Górecki alitunga muziki mkali wa kukwaruza masikio, sawa na Penderecki, mtunzi mwenzake wa Poland. Muongo uliofuata wote wawili waligeukia ulimbwende, yaani muziki wa melodia na hisia. Penderecki, katika konserto yake ya kwanza ya fidla, aliubeba ule wa karne ya 19 pamoja na mizigo yake yote, na mimi hunichosha. Górecki alichukua melodia akaiacha bila mapambo.

Wengi husifia sehemu ya pili, maneno ya msichana wa miaka 18 aliyoyaandika ukutani mwa seli ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, mjini Zakopane, Poland, mwaka 1944, akimsihi mama yake asilie. Kwangu mimi ya tatu inaipita. Ni wimbo wa kienyeji wa eneo la Opole, Poland: mama anamtafuta mwanawe aliyeuawa, na anasema hata machozi yake yakiwa mto Oder wa pili, hayatamrudishia uhai. Chini yake kodi mbili za muziki (noti kadhaa zikipigwa pamoja) zinabembea bila kuchoka. Wachambuzi husikia humo mazurka (muziki wa dansi ya Kipolandi) ya Chopin. Upshaw haigizi kilio hata kidogo. Anaimba tu, na hapo ndipo nilipotoa leso.

Toleo la Beth Gibbons, mwimbaji wa bendi ya Portishead, lililoongozwa na Penderecki mwenyewe na kutoka 2019, nimelisikiliza pia. Sauti yake ina mikwaruzo ya kibinadamu, lakini kwenye noti za juu inapata tabu. Nabaki na Upshaw.

Nyota nne. Moja nimeinyima kwa sababu ukipandisha sauti usikie mwanzo, katikati jirani atakugongea ukuta.