Mafunzo ya WHO kwa walezi wa watoto wenye usonji: tathmini ya mwalimu

Mafunzo ya Stadi kwa Walezi, yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa kushirikiana na taasisi ya Autism Speaks ya Marekani, yanawalenga wazazi na walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa kukua au wenye ulemavu wa ukuaji, wakiwamo wenye usonji. Yana vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na wanaoyaendesha si lazima wawe madaktari wala wataalamu wa tiba ya usemi. Tangu mwaka 2022 yanapatikana pia mtandaoni, bila malipo, kwa mlezi anayetaka kujisomea. Mtoto halazimiki kuwa na cheti cha daktari ndipo mlezi wake apokelewe. Nimeyapitia nikiwa mwalimu wa watoto wadogo wenye usonji, na nilitaka kujua jambo moja: je, mzazi akimaliza atakuwa na la kufanya atakapoketi sakafuni na mtoto asiyeongea, asiyemtazama, na asiyetaka mtu aguse vitu vyake?

Naona atakuwa nalo, na sababu kubwa ni mpangilio wa masomo. Mzazi huja na kiu ya kusikia neno la kwanza, na mara nyingi kiu hiyo hujibiwa kwa kumpa orodha ya maneno ya kumkaririsha mtoto. Hapa hapewi orodha. Vikao vitatu vya mwanzo vinahusu ushiriki: namna ya kuingia katika shughuli anayoipenda mtoto, namna ya kuifanya idumu, na namna ya kuwa wawili ndani yake badala ya kila mmoja kuwa na lake. Mawasiliano yenyewe yanafundishwa katika kikao cha 4 na cha 5. Mwenye haraka ataona anacheleweshwa, lakini utaratibu huu una msingi wake. Maneno mengi ya utotoni hujifunzwa wakati mtoto na mtu mzima wanatazama kitu kimoja na kila mmoja anajua kuwa mwenzake anakitazama pia. Mtoto humwona mbwa, humgeukia mama, humrudia mbwa, na mama anapotaja jina, jina linapata mahali pa kukaa. Kwa watoto wengi wenye usonji, huko kugeuka kutoka kwenye kitu kwenda kwa mtu na kurudi ndiko kunakochelewa.

Ushahidi upo. Mwaka 2006 Connie Kasari na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha jaribio la watoto 58 wenye usonji wa miaka 3 na 4. Kundi moja lilifundishwa kutazama na kuonyesha vitu pamoja na mtu mwingine, kundi la pili lilifundishwa mchezo wa kujifanya, na la tatu liliendelea na huduma iliyokuwapo. Walipofuatiliwa mwaka mmoja baadaye, lugha ya makundi mawili ya kwanza ilikuwa imekua kuliko ya kundi la tatu, ilhali kilichoongezwa kwenye ratiba yao kilikuwa ni kutazama pamoja na kucheza. Mzazi anayehofia kwamba muda wa mchezo unaula muda wa maneno angefaa kulijua jambo hili kabla ya kikao cha kwanza.

Sehemu ya mchezo ndiyo bora kuliko zote, nami ningependa isomwe polepole. Tuseme mtoto amelaza gari la kuchezea ubavuni na anazungusha gurudumu moja kwa kidole, bila kuchoka. Wengi wetu tungelisimamisha gari, tuliendeshe, tuseme "piipii", kisha tushangae mtoto akitupa kisogo. Mafunzo yanamtaka mlezi aketi mbele ya mtoto, uso wake ukiwa usawa na wa mtoto, achukue gari la pili, alilaze vilevile, azungushe gurudumu na kusema neno moja tu: "Zungusha!" Kisha anyamaze na kungoja. Kungoja huko ndiko kugumu, kwa maana sekunde tano za ukimya mbele ya mtoto wako ni ndefu sana. Lakini ni ndani ya sekunde hizo mtoto hupata nafasi ya kugundua kwamba kuna mtu anayefanya kama yeye. Hukutupia jicho, au husukuma gari lake likakugusa goti. Hayo ni mawasiliano, na hujibiwa papo hapo. Baada ya kubadilishana zamu kadhaa ndipo mlezi anapoongeza hatua moja ndogo, pengine kuliachia gari litelemke juu ya ubao ulioinamishwa, na kuona kama mtoto atafuata. Asipofuata, wanarudi kwenye gurudumu.

Hatua hiyo inayoongezwa haichaguliwi kwa kubahatisha. Michezo inapangwa kwa ngazi: kugonga, kutikisa na kuangusha, halafu kuunganisha, kama vile kupachika pete kwenye kigingi au kupanga vitofali, halafu kujifanya, kama kumnywesha mwanasesere kwa kikombe kitupu. Mtoto aliye ngazi ya kuangusha vitofali akivutwa moja kwa moja hadi kwenye mwanasesere, kinachofuata ni kukataa, na watu wazima hukuita kukataa huko ukaidi. Nimeona walimu wenye uzoefu wakiruka ngazi hizi kwa sababu ya umri wa mtoto. Ninasisitiza pia kwamba kuketi ana kwa ana si ruhusa ya kumshika mtoto kidevu ili akutazame machoni. Lengo ni kumrahisishia kukuona akitaka, na wapo watoto wanaosikiliza vizuri zaidi wakiwa wametazama kando.

Vikao vya mawasiliano vinaanza kwa kumtaka mlezi aorodheshe yale ambayo mtoto anayafanya tayari. Kumvuta mtu mkono hadi kwenye mlango ni ujumbe. Kuleta chupa iliyofungwa, kusukuma sahani na kulia karibu na kabati ni ujumbe pia. Mtoto anayetoa ishara hizi ni kama mtu anayebisha hodi, na akibisha mara nyingi bila kuitikiwa ataacha kubisha. Kwa hiyo mlezi anaitikia kwa ishara na neno kwa pamoja: ananyoosha kidole na kusema "juu", anafungua kiganja na kusema "nipe". Kisha anatengeneza nafasi za kuombwa. Mapovu ya sabuni yanafaa mno kwa kazi hii: unapuliza mara mbili, unafunga chombo, unakiweka kiganjani mwako mbele ya mtoto, na unangoja. Akigusa kifuniko, akitoa sauti, au hata akikutazama, unasema "puliza" na kupuliza mara moja. Hatakiwi kwanza aseme vizuri ndipo apewe, na hilo linapaswa kueleweka kwa kila mtu wa nyumbani, kwa kuwa maswali ya kumpima mtoto, "Hii ni nini? Sema! Sema maji!", hugeuza mchezo kuwa mtihani na kumfukuza.

Upungufu mkubwa ninaouona ni kwamba kadi za picha na vifaa vya kuzungumzia havikupewa uzito unaostahili. Mtoto wa miaka 5 asiyetamka neno lolote anahitaji njia ya kujieleza leo, wakati usemi unaendelea kusubiriwa. Hofu ya kwamba picha zitamfanya mtoto avivie kuongea haina msingi: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalipochambua ushahidi wenye nguvu zaidi, uliohusu watu 27, hayakukuta hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua, na wengi wao waliongeza maneno, ingawa kwa kiasi kidogo. Mlezi wa mtoto wa namna hii nitamshauri aambatanishe mafunzo haya na PECS, mfumo wa kuwasiliana kwa kubadilishana picha, uliobuniwa na Andy Bondy na Lori Frost mwaka 1985 katika jimbo la Delaware, Marekani. Mfumo huo una hatua 6, na ya kwanza humfundisha mtoto kumkabidhi mtu picha ili apate anachotaka. Mfumo wenyewe hufika kwenye kutoa maoni, yaani "naona" na "nasikia", katika hatua ya mwisho, na haufundishi kucheza. Ndiyo maana naona viwili hivi vinafaa kwenda pamoja.

Vikao viwili kuhusu tabia zinazosumbua, cha 6 na cha 7, ni vizuri bila kuwa na jambo jipya sana. Vinauliza mtoto anataka kusema nini kwa kupiga au kujitupa chini, kisha vinamfundisha njia nyingine ya kusema hilohilo. Kikao cha 8, cha kugawa stadi katika hatua ndogo na kupunguza msaada kidogokidogo, kinawafaa hata walimu wa chekechea.

Kuhusu kuchagua kati ya kikundi na mtandao, kikundi ni bora kwa mbali, kwa sababu ya zile ziara 3: mwezeshaji huona sebule ilivyo, televisheni inavyowaka muda wote, na vitu vya kuchezea vilivyomwagwa chini vyote kwa pamoja, na hushauri papo hapo. Mtandaoni hakuna anayekutazama ukicheza. Asiye na kikundi karibu ajirekodi kwa simu dakika chache akicheza na mtoto, kisha aitazame video pamoja na mtu mwingine anayemlea mtoto huyo, wakihesabu ni mara ngapi mtoto alitoa ishara na ni ngapi kati ya hizo zilijibiwa. Asikimbilie kikao cha 4 mpaka aone katika video hizo kwamba mtoto ameanza kumgeukia.