Kikao cha maoni kuhusu tozo ya utalii: mapokezi mazuri, majibu haba

Tathmini hii inahusu kikao cha hadhara ambacho halmashauri iliitisha ili wakazi watoe maoni juu ya rasimu ya sheria ndogo ya kuanzisha tozo ya utalii. Ninakipima kama huduma, kwa sababu ndivyo kilivyo: kinagharimiwa na mlipakodi, kina wahudumu na utaratibu wake, na aliyekihudhuria ana haki ya kueleza alichokikuta. Halmashauri yenyewe siitaji kwa jina.

Nianze na yaliyofanyika vizuri. Tangazo lilibandikwa mapema, viti vilitosha, mkalimani wa lugha ya alama alikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, na orodha ya wasemaji ilifuatwa kwa zamu bila mtu kuruka foleni kwa cheo au ukoo. Kila msemaji alipewa dakika tatu, na karani alikuwa na kengele ndogo ya mezani ambayo aliipiga kwa diwani mstaafu kama alivyoipiga kwa kijana mtembeza wageni. Dosari pekee ya ukumbi ilikuwa kipaza sauti, kwani kilikuwa kimoja tu, nacho kilitembezwa mkono kwa mkono, hivyo kila mchangiaji aliyekaa nyuma alipoteza nusu dakika ya muda wake akikisubiri kimfikie.

Upungufu wa kweli ulikuwa kwenye karatasi. Tuligawiwa ukurasa mmoja wenye muhtasari wa rasimu, na rasimu kamili ikasemekana kuwa ipo ofisini kwa atakayetaka kuisoma. Katika ukurasa huo, kiwango kinachopendekezwa kwa kila mgeni kwa usiku kiliandikwa kwa wino mzito katikati, wakati kipengele cha matumizi ya fedha kilikuwa sentensi moja chini kabisa, ikisema kwamba mapato yatatumika «kuboresha mazingira ya utalii». Hapakuwa na mfuko maalumu uliotajwa, wala fungu la maji, taka au barabara, wala mtu atakayewajibika kutoa hesabu. Mtu akikupa karatasi ya namna hiyo amekwisha kukuchagulia cha kujadili, nasi tukatii: kikao cha saa tatu kilitumia zaidi ya saa mbili kubishania kiwango.

Lugha yenyewe ilichanganya mambo. Karatasi ilisema «tozo», mwenyekiti alisema «ada», na wasemaji wengi walisema «kodi», na hakuna aliyesimama kutenganisha. Anayelipa ada anatarajia huduma fulani mkononi, ilhali kodi huingia katika kapu la jumla na mlipaji hana la kudai zaidi ya utawala mwema. Mwenyekiti alipowaambia wenye nyumba za wageni kwamba hii ni ada tu, alikuwa akiahidi, pengine bila kukusudia, jambo ambalo rasimu haiahidi.

Katika mabishano ya kiwango, hoja iliyosimama vizuri zaidi ilikuwa ya wenye nyumba ndogo, ambao walieleza kwamba kiasi kimoja kwa kila kitanda humwelemea anayelaza wageni wa bei ya chini, kwa kuwa kile kinachomezwa na bili ya hoteli kubwa bila kuonekana huwa ongezeko la kutisha kwenye bili yake. Walitaka asilimia badala ya kiasi kisichobadilika. Walikuwa na mifano ya kuegemea, ingawa hakuna aliyeitaja: Amsterdam ilichanganya asilimia na kiasi maalumu kwa kila mtu kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2024 ikabaki na asilimia peke yake, 12.5 ya bei ya malazi, na Edinburgh imepitisha asilimia 5 inayotozwa kwa siku tano za kwanza tu za ukaaji. Wenye hoteli kubwa, kama ilivyotarajiwa, walipendelea kiasi kimoja, wakasema ni rahisi kukikokotoa. Sioni kwamba kukokotoa asilimia kunamshinda mtu yeyote mwenye simu.

Hata hivyo, kiwango ndicho kitu chepesi kuliko vyote kurekebisha baadaye. Bhutan ilipandisha tozo yake ya kila siku kwa mgeni hadi dola 200 mwaka 2022, na mwaka uliofuata ikaishusha hadi dola 100, bila kuibomoa sheria nzima. Kinachokuwa kigumu kubadilisha ni mahali fedha zinapoingia, kwa sababu bajeti ikishazizoea haiziachii.

Dakika tatu zilizokuwa na thamani kuliko zote zilikuwa za mama mmoja mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba sita. Hakuja na hotuba. Alikuja na daftari la kuandikisha wageni, lenye mistari ya penseli na jalada lililoshikwa kwa gundi ya karatasi, akalifungua mbele ya meza ya madiwani na kulielekeza upande wao. Alisema, «Mheshimiwa Mwenyekiti, hawa wote mnaowaona hapa wamekwisha kulipa,» huku kidole chake kikishuka mstari hadi mstari kupitia miezi ambayo bado haijafika. Wakala wa safari, akaeleza, alifunga naye bei mwaka uliopita na kumlipa nusu, na mkataba hauna nafasi ya kumwongezea mgeni senti. Je, tozo ikianza katikati ya msimu, itamfuata mgeni ambaye bei yake imekwisha kufungwa, au itatoka mfukoni mwake yeye? Kengele ikalia wakati bado ananyoosha kidole. Mwenyekiti akamshukuru, akasema hoja imepokelewa, na akamwita msemaji wa ishirini na mbili.

Swali hilo lina jibu, na ndiyo maana liliniuma. Edinburgh, ambayo tozo yake ilipangwa kuanza tarehe 24 Julai 2026, iliweka wazi kwamba inahusu nafasi zilizohifadhiwa kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, kwa hiyo aliyekwisha kukubaliana bei na mgeni kabla ya hapo hakuachwa na deni la mtu mwingine. Kifungu cha namna hiyo ni mistari miwili ya rasimu. Mweka hazina wa halmashauri alikuwa ameketi mita chache kutoka kwa yule mama, ana kalamu mkononi na faili mbele yake, lakini utaratibu wa kikao ulimkataza kujibu, kwa kuwa kikao kiliitishwa kwa ajili ya kusikiliza tu.

Hoja ya wageni wa mchana ililetwa na dereva wa gari la kukodi, nayo haikupewa uzito unaostahili. Alisema wanaokuja asubuhi kwa mabasi makubwa na kuondoka jioni hawalali popote, hivyo hawatalipa chochote, ilhali wao ndio wanaojaza vyoo vya umma na mapipa ya taka. Venice ilikutana na tatizo hilohilo, na mwaka 2024 ikaanza kuwatoza euro 5 wageni wa kutwa katika siku 29 zilizoteuliwa, huku wanaolala mjini wakisamehewa kwa kuwa tayari wanalipa kodi ya malazi. Mwaka uliofuata siku zikaongezwa hadi 54, na anayechelewa kujisajili akatakiwa kulipa euro 10. Mpango huo una kero zake, maana unahitaji usajili, msimbo wa kuonyesha kwenye simu na wakaguzi barabarani, lakini angalau unamgusa anayeleta msongamano. Rasimu yetu haimtaji kabisa.

Wakazi wasio na biashara ya utalii walikuwa wengi ukumbini kuliko nilivyodhani, na karibu wote waliunga mkono tozo. Hoja yao ilikuwa fupi: maji hupungua mabombani msimu wa wageni ukifika, kodi za nyumba hupanda, na anayelipia uchakavu wa barabara ni anayeishi hapa. Waliposema hivyo baadhi ya wenye hoteli waliguna, jambo ambalo mwenyekiti alilikemea, na alistahili kulikemea. Ila hata hawa waungaji mkono waliondoka bila kuhakikishiwa kwamba senti moja itafika kwenye bomba.

Visiwa vya Balearic vya Uhispania vinaonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kwenda mbele na kurudi nyuma. Vilianzisha kodi ya mazingira kwa watalii mwaka 2002, ikafutwa mwaka 2003 baada ya serikali kubadilika, kisha ikarudishwa mwaka 2016 ikiwa na mfuko wa utalii endelevu na tume ya kupendekeza miradi, ambamo hawakai watu wa serikali peke yao. Kama halmashauri ingetuletea pendekezo la tume kama hiyo, hata la kurasa mbili, wenye hoteli na wakazi wangekuwa na kitu cha kugawana badala ya kugombana.

Nakipa kikao hiki nyota mbili na nusu kati ya tano. Nyota mbili ni za karani, mkalimani na ile kengele isiyopendelea. Nusu ni ya kuniwezesha kuliona daftari la yule mama, ambalo lilinifundisha kuliko ukurasa tuliogawiwa. Ili kikao kingine cha namna hii kifae, rasimu kamili igawiwe pamoja na tangazo, na saa ya mwisho itengwe kwa ajili ya mweka hazina na mwanasheria kujibu maswali ya kiufundi papo hapo. Anayekusudia kuhudhuria aende ofisini kwanza akasome rasimu, aandike hoja yake kwa kifungu na namba, na akabidhi nakala kwa karani kabla ya kusimama, maana maneno ya mdomoni hayafiki mbali.

Nasema hivyo kwa sababu kumbukumbu za kikao zimetoka juma lililopita na nimezisoma zote. Msemaji wa ishirini na moja amepewa mstari mmoja: «Mwananchi aliomba ufafanuzi kuhusu tarehe ya kuanza.» Daftari halikutajwa, wala wakala, wala wageni ambao wamekwisha kulipa. Nimempelekea yule mama nakala, naye ameandika barua ya kurasa mbili na kuambatanisha picha za mistari ile ya penseli, kwa kuwa dirisha la maoni ya maandishi bado liko wazi.